Kelele za Bwawani

Fundi wa bwawa, mama wa makamo, alitunza vifaa sita vilivyozamishwa majini. Vyote vilituma vipimo kwa sauti kwenye kipokezi kimoja, na kwa kuwa viliongea pamoja, taarifa zikavurugika. Mkurugenzi, hodari wa kufunga tai tu, akaamuru vyote vipaze sauti zaidi. Ikawa vurugu tupu.

Fundi hakubishana na kichwa maji. Akavipunguza sauti vilivyokuwa karibu na kipokezi, kisha akakipa kila kimoja mlio wake. Taarifa zikaja safi.

“Mnaona? Dawa ni nguvu,” mkurugenzi akawatambia wageni waliokuja kukagua bwawa.

“Nilipunguza, bosi,” fundi akasema. “Kile kifaa ulichokiweka wewe jirani na kipokezi ndicho kilichokuwa kikivifunika vingine.”

Tangu hapo hakuitwa tena vikaoni, naye akashukuru kupumzisha masikio.