Mashine ya Gemu ya Mke Wangu

Taabu yangu ilianza mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini. Vita vilitutoa Bukavu mimi na mke wangu, na shule nilikuwa nimeishia darasa la tatu. Hapa Durban nilianza kwa kufunga mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu: masahani, viatu, televisheni, vyote vya kupanda lori mpaka Lubumbashi. Sijisifu. Kwa kweli najisifu: hakuna sahani niliyofunga mimi ikafika imevunjika.

Mashine ya gemu nilimnunulia mke wangu kule South Beach, ukumbi mmoja wa gemu ulipofungwa. Ndefu kama kabati, ina kioo, vifungo na mpini mwekundu. Mke wangu anasuka nywele kwenye saluni yake, anasimama kutwa. Siku hizo, akirudi nyumbani Sydenham hakai; anakwenda kwanza kulipua vyombo vya angani.

"Papa, njoo ufe!" ananiita.

Naenda, nakufa. Anacheka mpaka anashika ukuta. Utotoni hakuwahi kuchezea kitu. Mgongoni alikuwa na wadogo zake.

Mwaka jana, baridi ilipoanza, binti yetu alirudi kujifungulia kwa mama yake, kama tunavyofanya kwetu. Chumba kikahitajika. Mashine ikaenda gereji.

Mimi sifungi kitu kichafu. Niliifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni, mbele, nyuma, mpaka ndani kwenye mavumbi. Nikaleta plastiki na selotepu.

"Papa, iko mbichi hiyo," mke wangu akasema. "Iache kwanza ipigwe jua."

"Mama, tangu lini unanifundisha kufunga?"

"Haya, bwana mizigo."

Nikaizungushia plastiki, blanketi, halafu plastiki tena. Mzigo wa lori unafika, unafunguliwa. Huu ulikaa baridi yote. Mchana gereji inapata joto, usiku inapoa, na maji yangu yalikuwa humo humo, hayana pa kutokea.

Mtoto alipopata nguvu, binti yetu akarudi kwa mumewe. Tukafungua. Ikatoka harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Mbao zimevimba. Nikachomeka umeme: kimya. Nikamwita fundi wa simu wa Overport, Mtanzania.

"Shikamoo mzee. Nani kaifunga hii?"

"Mimi."

"Umeifunga vizuri mno, mzee wangu."

Akanionyesha shaba ya ndani, imeota kutu ya kijani. Hakukuwa na cha kuokoa. Akakataa hata nauli.

Nilitaka mke wangu anipigie kelele, hakupiga. Aliufuta ule mpini kwa kitenge chake, akasema, "Basi, papa. Chai inapoa."

Sasa akitoka kazini anakaa, anajikanda miguu, anaangalia simu. Nilimwambia nitatafuta nyingine. Akasema hataki nyingine.

Leo tuna nyumba ya vyumba viwili na gereji. Gari la mizigo, la zamani lakini langu. Viti vitatu vya saluni. Friji mbili. Mjukuu mmoja, wa kike. Na mashine ya gemu isiyowaka, imesimama sebuleni, kwa sababu mke wangu hataki itupwe.