Kitanzi na Salamu ya Kuchuchumaa

Niliacha shule darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. Siku muuguzi wa Kibondo aliponiwekea kitanzi cha kuzuia mimba, nilimhoji mpaka akacheka. Nauza mitumba, leo Kibondo, kesho Kasulu. Mtoto nilimtaka, ila baadaye.

"Wiki hizi za mwanzo jichunguze," aliniambia. "Kama kuna wadudu wamejificha kwenye shingo ya kizazi, kitanzi kikiingia kinaweza kuwapandisha juu. Ukisikia tumbo la chini linauma, ukapata homa au uchafu wenye harufu, njoo haraka. Wakiachwa huharibu mirija, ukaja kumkosa huyo mtoto."

Wiki ya pili nilikuwa Kasulu kwa shangazi. Kwetu Waha, mkubwa hasalimiwi ukiwa wima. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, mnaulizana habari za ukoo mzima. Nilifika nusu ya safari ya kwenda chini, tumbo likanichoma, nikabaki nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano.

"Umepata cheo huko Kibondo?" shangazi akauliza. "Siku hizi tunasalimiwa nusu?"

Kisha akanigusa shingoni. Nilikuwa wa moto. Nikamweleza yote.

"Huo waya utolewe leo hii. Unakula kizazi chako."

Hospitalini, shangazi akiwa kando yangu, daktari alinipima, akanipa dawa, akasema kitanzi kibaki. Kitatolewa tu nisipopata nafuu baada ya siku chache. Shangazi akanuna. "Na mwenzio atibiwe," daktari akaongeza, "la sivyo mtarudishiana wadudu."

Mchumba wangu, fundi pikipiki, alikuja na basi la asubuhi. "Mimi siumwi popote," akasema.

"Hata mimi sikuwa naumwa. Meza."

Akameza, shangazi akimtazama koo mpaka lilipotulia.

Homa iliondoka, maumivu nayo yakaisha. Nilimaliza dozi yote, na daktari aliponipima tena alisema tuliwahi. Shangazi alikuwa na kipimo chake. Nilimkuta jikoni, nikachuchumaa mpaka chini, nikapiga makofi. "Mwidiwe, shangazi."

Akaitikia. Akauliza habari za mama, za kaka zangu, za fundi, kisha za mbuzi wa jirani yetu wa kijijini Munanila, ambao hajawahi kuwaona. Macho yake hayakubanduka usoni pangu. Nikaitikia zote, magoti yakiwaka moto, tumbo kimya.

"Haya, inuka," akasema. "Waya wako ukae."