Mashine Nyekundu na Macho ya Cucu

Nina mashine tatu zinazofanana juu ya kabati langu hapa Embu mjini, na sikununua hata moja kwa kupenda michezo. Ni mashine za mchezo wa video za miaka ya tisini, nyekundu, zinazosimama kwa miguu miwili myembamba. Haziunganishwi na televisheni. Zina mahali pa kuingiza uso; unainama, unachungulia, unaona mistari myekundu gizani, basi. Rangi nyingine hakuna. Dunia nzima ilizikataa. Zilikaa madukani muda mfupi, zikawaumiza watu vichwa na shingo, na waliozitengeneza wakaachana nazo. Mume wangu huziita wageni wangu waliokosa nauli ya kurudi kwao. Namwacha acheke.

Ya kwanza kabisa, ambayo si moja ya hizi tatu, ililetwa kijijini kwetu Kibugu na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa muuguzi ng'ambo. Alikuja Krismasi moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, akaitoa kwenye sanduku lake katikati ya sweta na sabuni. Alisema aliikuta dukani kwenye kapu la vitu vilivyokosa wanunuzi. Aliona itatufaa sisi kabisa, kwa kuwa haikuhitaji televisheni wala stima, na nyumbani kwa cucu hatukuwa na televisheni wala stima. Ilikula betri sita ndogo. Zikiisha nguvu nilizianika juu ya mabati ya banda la kuku mchana kutwa, nikapata robo saa nyingine ya kucheza.

Cucu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Huyu alikuwa mama yake baba. Wazazi wangu walikaa Meru mjini, baba akifanya kazi ya ofisi, na mimi niliachiwa cucu kwa sababu nilikuwa na jina lake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na akishapewa huwa si mjukuu tu. Ni nyanya mwenyewe amekuja mara ya pili. Cucu aliniita "wajina". Mama akinichapa, cucu alilalamika kwamba amechapwa yeye. Kwa hiyo nilipopata kitu kizuri sikuweza kumnyima, ingekuwa ni kujinyima mwenyewe.

Nikamketisha kwenye kigoda, nikamvua kitambaa cha kichwa, nikamwinamisha uso ndani ya mashine. Ulikuwa mchezo wa tenisi. Mpira ulikuwa ukitoka mbali kabisa na kuja hadi puani, na mara ya kwanza mimi mwenyewe niliruka nikakaribia kuangusha meza. Nilimshika cucu mabega nikisubiri naye aruke. Hakuruka. Alichungulia, akachungulia, kisha akainua kichwa.

"Ni picha tu, wajina," aliniambia kwa Kiembu. "Kama ya kalenda."

Nilichukia. Nilimrudisha mara mbili, nikimwambia aangalie vizuri, mpira unakuja, huuoni? Aliniambia anauona, mpira mwekundu, mzuri sana. Alisema hivyo ili nimwache akaangalie maharagwe yake jikoni.

Kijitabu cha maelezo nilikisoma Januari, shule zilipokuwa karibu kufunguliwa. Kilikuwa cha Kiingereza, nikakichambua neno kwa neno nikiwa na kamusi ya shule. Kilisema mtoto wa chini ya miaka saba asiitumie mashine kabisa, kwani ingeweza kumharibu macho. Mtu mzima apumzike kila baada ya dakika chache. Nilifurahi kwanza kwamba miaka saba niliipita. Halafu nikawaza: kama macho machanga yanaharibika, yaliyochoka je? Kijitabu hakikusema lolote juu ya wazee. Nilikisoma chote tena kutafuta neno moja la kuwahusu, sikulipata, na hapo ndipo hofu iliponiingia.

Wiki ile ile nikaanza kuona mambo. Cucu alimimina chai kando ya kikombe. Alinipa sindano nimtungie uzi, jambo ambalo sikumbuki akinipa kabla. Jumapili, nje ya kanisa, alimsalimu jirani kwa jina la dada yake, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliifunga mashine kwenye gunia la mbolea, nikaisukuma mwisho kabisa wa stoo nyuma ya majembe, na kila usiku nikaomba Mungu amrudishie cucu macho niliyomharibia. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Shangazi alikuwa amesharudi ng'ambo, na baba alikuwa mtu wa kuuliza swali moja hadi ulie.

Kilichonitisha zaidi ni chai. Cucu alikuwa na mashina yake ya chai mteremkoni chini ya nyumba, na Kibugu nzima ilijua mkono wake. Alichuma majani mawili na kichipukizi, hivyo tu, tangu asubuhi hadi alasiri. Pale kituoni, kiwanda kinaponunulia majani, karani huyamwaga majani yako mezani mbele ya kila mtu na kuyapekua. Akikuta magumu au vijiti, unachambua hapo hapo huku foleni ikikutazama, au unarudishwa nayo nyumbani. Cucu hakuwahi kuchambua. Karani alikuwa akiwaambia wengine waje watazame kikapu chake.

Siku moja nikitoka shule nilimkuta ameweka kikapu chini akipumua, nikatia mkono ndani. Nilikuta majani makubwa ya chini, yale magumu ambayo huvunjika ukiyakunja. Nilikuta na jani la mgrivilea, ule mti wa kivuli wa mpakani. Kwa karani ingejulikana, kutoka kwa karani ingefika kwa baba, baba angeuliza imeanza lini, na mimi ningelazimika kutoa lile gunia stoo.

"Cucu, nipe nikubebee," nilimwambia.

Nikapitisha ule mshipi wa kikapu kipajini kama nilivyomwona yeye akifanya, nikatangulia. Njia ya kituoni ina kona moja yenye ua mrefu. Nyuma ya ule ua nilitandaza nailoni ya kuvaa shambani, nikamwaga majani, nikachambua haraka. Mabaya niliyasukuma chini ya ua. Cucu aliponifikia, akija polepole na fimbo, kikapu kilikuwa kimejaa upya na mimi nimesimama nikijifanya nimechoka.

Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Nilikimbia kutoka shule kila siku ya kuuza majani, nikiogopa nimechelewa, nikiogopa amejipeleka peke yake. Usingizini nilichambua majani yasiyoisha. Ubaya ni kwamba nilisifiwa. Kina mama wa kituoni waliwaambia watoto wao wanitazame mimi, ninavyomheshimu cucu wangu. Mchungaji alinisimamisha kanisani. Nilisimama pale nikipigiwa makofi, na nilitamani sakafu ipasuke.

Tena majani mabaya yaliongezeka. Mwanzoni yalikuwa ya kujaza viganja viwili. Kufikia Novemba chini ya ule ua palikuwa na lundo lililooza, nami nikaanza kulifunika kwa matawi.

Siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka mwalimu alituzuia hadi jioni. Nilitazama jua dirishani na sikumbuki hata swali moja. Nilipofika kituoni nikihema, majani ya cucu yalikuwa yameshamwagwa. Juu ya meza palikuwa na majani magumu, vijiti, na nyasi.

"Cucu, hii ni chai ama umeniletea chakula ya ng'ombe?" karani alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani anatania.

Watu walicheka. Cucu aliinama juu ya meza, akapapasa majani yake kwa vidole, akiyasogeza karibu na uso, na vicheko vikakatika kimoja kimoja. Kila mtu pale aliona kwamba haoni.

Baba alikuja kutoka Meru siku ya pili, akatupeleka hospitali mjini. Yeye alibaki dirishani kushughulikia kadi, nami nikaingia na cucu kwa daktari. Daktari hakujua Kiembu, cucu hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo katikati niliwekwa mimi. Sijawahi kukaa mahali pabaya kuliko kile kiti.

Daktari alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudia la kushoto. Akasema la kulia lina mtoto wa jicho, litapasuliwa na ataona. La kushoto lina presha. Presha ya macho huja kimya, akasema, na hili imeshalimaliza.

"Muulize alianza kuona vibaya lini."

Nilimuuliza. "Mwambie ni juzi juzi," cucu alijibu.

Daktari akatikisa kichwa. "Hii si ya juzi. Angeletwa mapema hili jicho lingeokoka. Anaishi na nani? Huyo anayeishi naye hakuona?"

Cucu aligeuza uso upande wangu akingoja nimwambie kilichosemwa. Nilifungua mdomo. Nikamwambia cucu kwamba daktari anasema apunguze chumvi.

Nilikiri jikoni, baada ya jicho la kulia kupasuliwa, siku bandeji ilipotolewa, kwa sababu alinitazama kwa lile jicho moja na kuniambia nimekonda. Nililia hadi nikashindwa kusema sawasawa. Nilimwambia kuhusu kijitabu, gunia, ua, majani, na chumvi. Yeye alikuwa akimenya viazi, na hakuacha.

"Majani nilijua," alisema. "Unafikiri sijui uzito wa kikapu changu? Nilikuwa nasimama pale kwenye kona nikikusikia unachambua. Ukimaliza ndio nakuja."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, baba yako angenipeleka Meru nikakae kwa kiti kama mgeni. Nani angechuma chai yangu? Tulificha wote wawili, wajina. Usijibebeshe peke yako."

"Na mashine?"

"Kile kidude?" Akacheka. "Kile si kilikuwa picha ya kalenda tu."

Maneno hayo hayakunisaidia. Ya kwamba mashine haikuwa na hatia, sawa, daktari alikuwa amesema ni presha. Lakini alikuwa amesema pia "mapema", na mapema ilikuwa mikononi mwangu, nyuma ya ua, karibu mwaka mzima. Cucu aliishi miaka mingine mingi na jicho moja, akarudi kwenye chai yake, akafa uzeeni kitandani pake. Kila alipogeuza kichwa chote kutazama kitu kilicho kushoto kwake, mimi nilihesabu ile miezi. Mashine yenyewe tuliitoa stoo siku za mazishi. Betri zilikuwa zimevuja zikaila, na baba akaitupa.

Nilipoanza kazi nilianza kuzitafuta. Watu wanaozikusanya hufurahi kupata yenye boksi lake. Mimi sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kuishika tena nikiwa mkubwa nisiyeogopa. Ya kwanza ilifika ikiwa nzima, nikacheza tenisi dakika mbili, nikaizima. Ya pili haikuwaka. Ya tatu ilifika mwaka jana, na aliyeniuzia alinionya kwamba ina ugonjwa wao wa kawaida: gundi ya ndani huachia na upande mmoja wa picha hufa.

Niliiweka mezani Jumamosi mchana, nikatia betri, nikainama. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi kabisa. Wa kulia uliwaka. Uwanja ukatokea, mistari myekundu, mpira ukapigwa kutoka ng'ambo, nikajikaza kuupokea.

Haukuja. Ulikua mkubwa kidogo pale pale ulipo, kisha ukawa mdogo. Hapakuwa na mbali wala karibu. Ilikuwa picha tu, kama ya kalenda.

Niliinua kichwa. Nikaenda kuchukua ile nzima, nikaiwasha, nikaona mpira ukinijia puani. Nikafumba jicho la kushoto. Mpira ukalala bapa. Nikafumbua, ukaja. Nikafumba.

Mume wangu alinikuta hivyo akaniuliza nalia nini. Jicho la cucu lilikuwa limekufa kabla sijachambua kikapu cha kwanza. Lilikuwa limekufa siku ile ya Krismasi, kwenye kigoda, nikiwa nimemshika mabega. Miaka zaidi ya ishirini nimejihukumu kwa jicho ambalo halikuwa tena la kuokolewa. Nilipaswa kuhisi nimetua mzigo, na kwa kiasi fulani nilihisi.

Lakini alikuwa ameniambia. Ndani ya nyumba ile mimi peke yangu nilikuwa na kitu cha kumpima, na nilimpima, na alinijibu kweli alichokiona. Nami nilimkasirikia kwa sababu hakuruka.