Sahani ya Bi Zainabu

Juzi jirani alinirudishia sahani yangu na ndimu mbili ndani, nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Nilikumbuka Lamu, tulikohamia kutoka ng'ambo ili baba ahubiri Injili. Mwezi wa Ramadhani, Bi Zainabu wa nyumba ya pili alituletea futari kila jioni, mkate wa sinia ulionukia iliki nyumba nzima. Mama aliisugua sahani kwa sabuni yetu ya ng'ambo, nami nikairudisha tupu, inang'aa, nikijivunia usafi wetu.

Alasiri moja Bi Zainabu aliitazama, akaigeuza.

"Mwambie mamako, wallahi imetakata."

Sikujua kwamba pale sahani ya jirani hairudi bila kitu, hata chumvi kidogo. Nilizikimbiza sifa zile nyumbani. Mama alifurahi sana. Kesho yake alisugua kwa nguvu zaidi, akanituma tena.