Aliyekalia Kasha

Mume wangu Kristofa ana jicho moja. La pili lilibaki shambani Pongwe, kwenye ncha ya jani la mkonge, mwaka wa hamsini na tatu. Mtu mwingine angetafuta kazi isiyohitaji macho. Yeye akasema atauza vitabu! Akafunga kasha kwenye baiskeli, akawa duka linalotembea: Pongwe anawauzia Wakristo wenzetu katekisimu na vitabu vya nyimbo, Tongoni anawauzia Waislamu juzuu za Kurani za watoto wa chuoni. Haya, hongera.

Watu wa Pongwe walifungua kitabu, wakaimba wimbo mzima palepale njiani, kisha wakakirudisha na asante. Asante haipikwi ikaiva. Wanunuzi walikuwa Tongoni, na Tongoni wakimfukuza, Kristofa hakuwa na pa kwenda ila kurudi kukata mkonge na hilo jicho lililobaki. Nilimcheka mchana, lakini usingizi sikuupata.

Siku moja nikafuatana naye, niwaone hao wanunuzi. Kabla hatujatoka kwetu Mabawa, jirani yangu Mwanamkasi akachungulia kasha, akashika kiuno.

"We mama Bertha! Juzuu chini ya katekisimu? Maneno ya Mungu hayawekewi kitu juu!"

Nikazitoa zote, nikazifunga kwenye kanga yangu mpya, nikajitwika mpaka Tongoni. Mwenye duka akasukuma baiskeli huku anapiga mluzi kama bwana harusi.

Tulipofika, mimi nikapitia kisimani kuomba maji. Yeye, na akili zake zote, akaenda kusimama mbele ya msikiti, wanaume wanatoka kuswali. Akateremsha kasha, akapangusa jasho, akalikalia.

Zogo nikalisikia kisimani. Nilipofika, Mzee Harub, mwenye minazi karibu yote ya pale na neno lake ndilo sheria, alikuwa anamfokea.

"Unaweka makalio juu ya juzuu? Chukua kasha lako, usikanyage tena hapa!"

Kristofa akaanza kulirudisha kasha kwenye baiskeli. Huyo ndiye mnadi wangu! Nikaona jicho lake linatazama njia ya kurudi, na Mungu ananiona, niliogopa kuliko siku niliyojifungua.

Nikajipenyeza. "Shikamoo, mzee. Juzuu hizi hapa kichwani kwangu." Nikaishusha kanga, nikafungua kasha: katekisimu tupu.

Mzee Harub akachungulia kasha, akaangalia kanga. "Kwa hiyo vyetu mmevitwika, vyenu mmevikalia?"

"Ndivyo, mzee," akasema Kristofa kwa fahari, utadhani aliyapanga mwenyewe.

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Juzuu zote zikanunuliwa, na tukaambiwa turudi mwezi ujao. Nilirudi Mabawa naimba.

Basi ikaja Jumapili. Maneno yalikuwa yameshatangulia, na katekista Eliudi alikuwa anatungoja mlangoni mwa kanisa, mikono ameikunja.

"Kristofa, nasikia sala ya Baba Yetu siku hizi ndiyo kigoda chako?"

Tangu hapo mume wangu hakai. Ananadi wima, anakula wima. Hata nyumbani nikimpa kigoda, hukipindua kwanza, akakikagua chini na juu. Mimi hucheka mpaka machozi yakanitoka, lakini simkatazi. Jicho la kukagulia analo.