Kikombe cha chama kilivyopunguza komi ya Naa Shormeh

Alfajiri hii moshi wa kuni umejaa uani kwa Naa Shormeh, mjini Teshie, na macho yamemwiva. Anachota unga wa mahindi uliochacha, anaufinyanga, kisha anaushindilia kwenye kikombe cha bati. Unaozidi mdomo wa kikombe anaukata kwa kidole na kuutupia kwenye beseni jekundu.

"Mkono hautaki kuzoea," anasema. "Siku zote umejua donge moja, la mama. Leo unafundishwa na kikombe."

Kikombe ni cha chama cha mtaa huu cha wapika komi, madonge ya unga uliochacha yanayofungwa kwa maganda ya mahindi na kuchemshwa. Anayejiunga hupewa, na donge lisilolingana nacho haliuzwi. Wiki hii ndiyo ya kwanza kwa mjane huyu wa miaka 52 kukitumia.

Alikuwa amewakatalia muda mrefu. Mahindi yalipopanda, chama kiliamua bei ya komi ibaki palepale, donge ndilo lipungue. Yeye akashikilia donge la marehemu mama yake. Faida ilikuwa kiduchu, pengine cedi ishirini kwa siku, pengine hola, lakini foleni ilikuwa kwake.

Foleni hiyo ndiyo iliyomponza. Mwenyekiti wa chama, Bi Densua, alikuja uani, akavuta kigoda.

"Shormeh mdogo wangu, unataka tuonekane wezi?"

"Dada, mimi napika tu."

"Haya, pika. Tuone utasaga wapi."

Mashine ya kusaga mtaani ni moja, na ni ya shemeji yake Densua. Tangu hapo zamu ya Naa Shormeh ikawa ya mwisho, na siku nyingine haikufika kabisa. Mahindi ya komi yakisharowekwa hayangoji mtu. Mara mbili yalimwozea. Mara ya pili aliyamwaga mtaroni mchana kweupe, majirani wameziba pua.

"Wateja wangu walikuwepo, walewale wanaonisifu," anasema kwa uchungu. "Hakuna hata mmoja aliyekwenda pale mashineni kunisemea."

Binti yake, Ayeley, ndiye aliyemwambia ajiunge. "Mama, hizo sifa zao hazisagi mahindi."

"Nilimkasirikia sana," anakumbuka, "kwa kuwa alisema kweli."

Siku aliyojiunga, mahindi yake yalisagwa ya kwanza. Densua akamkumbatia mbele za watu na kumpa kitambaa cha sare. Sasa anabaki na cedi sitini kwa siku, na anazitaja kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jua linatoka, chungu cha kwanza kimeiva. Ataa Kpakpo, mwashi mzee anayekula hapa kila asubuhi, analipima donge kiganjani.

"Naa, hili pacha wake kabaki chunguni?"

"Ndilo hilo, Ataa."

"Hata wewe?"

Naa Shormeh anamwongezea pilipili na kumchagulia samaki mkubwa. Mzee anakula, ananawa, anaondoka bila kuaga.

Ayeley anasogeza beseni jekundu, limejaa. "Hivi vipande tuvifanyeje?"

"Vifinyange, uvifunge maganda, uvipike."

Yanatoka madonge kumi na manane. Naa Shormeh anayatazama yalivyopangwa. "Haya ni ya Ataa Kpakpo na wenzake," anasema. "Tumemega kidogo kidogo kwenye madonge yao, na jioni tunawauzia tena."

Fedha ya beseni jekundu haigusi. Anaiweka kando anunue mashine ya kusaga, hata kama ni ya mitumba. Siku itakapounguruma hapa uani, anasema, atamrudishia Densua kikombe chake na donge litarudi lilivyokuwa.

Itachukua muda gani? Anaushindilia unga kikombeni, anakata unaozidi.

"Mimi nitafika," anasema. "Ataa Kpakpo ni mzee. Sijui kama atakuwepo siku hiyo."