Chumba cha Mashine Juu ya Mlima

Jumapili, tarehe kumi na nne Agosti. Asubuhi ukungu mzito, kisha jua lisilochoma. Baada ya saa sita mawingu yakaanza kukusanyika.

Langoni, mwanzo wa njia ya mlima, mlinzi alitoa ufunguo wa kibanda cha wapandaji huku akiitazama familia ile kama fundi cherehani anayepima kwa macho. Baba alikuwa na begi lililompita kichwa. Mama alikuwa mikono mitupu. Mtoto wao wa kiume, wa miaka saba, alikwisha kutangulia mbele. Na wa mwisho, msichana wa miaka minne ambaye kwa wingi wa amri zake aliitwa Bosi na nyumba nzima, alikuwa amekaa juu ya mzizi akisubiri kufungwa viatu.

"Na huyu naye anapanda?" mlinzi aliuliza.

"Kwa miguu yake," mama alijibu.

Baba alikohoa, akatia ufunguo mfukoni.

Mama huyu ni fundi lifti. Kazini wanamwita Fundi, na hata mumewe humwita hivyohivyo. Mume ni kinyozi, kwa hiyo hakosi la kusema. Mwezi wa tatu, Fundi akiwa anavuta mota ya lifti kutoka kwenye kona yake, mgongo ulilia kach, akashushwa ngazi zote kwa machela, kwani lifti aliyokuja kuitengeneza ilikuwa bado mbovu. Daktari alimwambia kwamba kwa mwaka mzima asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Ofisini wakamwekea meza: apokee simu za watu waliokwama, atume mafundi wengine. Walitaka jibu Jumatatu.

Mumewe aliiona meza ile kama bahati. Fundi mwenyewe aliiona kama kuwekwa kabatini angali mzima. Na kwa kuwa kila mwaka walikwenda milimani, naye kila mwaka ndiye aliyembeba Bosi mgongoni, safari hii ikawa mtihani bila mtu kuuita hivyo.

"Ukimfikisha Bosi kibandani bila kubebwa," mumewe alisema siku ya kufunga mizigo, "sitaitaja tena ile meza."

"Watoto wamekusikia, Baba Bosi."

"Wasikie! Mtoto mwenyewe hata chooni hubebwa!"

Hawakuwa wamefika mbali Bosi aliposimama katikati ya njia na kunyanyua mikono yote miwili. "Nibebeni."

Kinyozi alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Fundi hakubabaika. Njia ile ilikuwa na mawe yaliyopakwa rangi ya njano ili watu wasipotee, na koti lake lilikuwa na kifungo kikubwa chini kabisa, usawa wa pua ya mtoto.

"Bosi," alisema, "lifti haiendi mpaka mtu abonyeze. Unakwenda ghorofa ya ngapi?"

Bosi alishusha mikono. Aliwaza. Akabonyeza kifungo cha koti. "Ya kwanza."

"Mlango unafungwa. Jihadharini."

Wakapanda hadi kwenye jiwe la njano, mtoto mbele akinguruma kama mota. Kwenye jiwe alisimama wima, akatangaza kwa sauti ya puani, ile ya lifti ya jengo lao, "Ghorofa ya kwanza! Shukeni taratibu! Na wewe Baba, usisukume watu!"

"Samahani, mheshimiwa," Kinyozi alisema, akihema chini ya begi.

Walipanda hivyo jiwe kwa jiwe. Ghorofa ya tatu, ambako nyumbani ndiko wanakoishi, Bosi aliwalazimisha wote wafute viatu kwenye majani. Ya tano walikula mkate na mayai. Ya sita kaka yake alidai lifti imekwama, akafokewa, akaomba radhi. Fundi alitembea mgongo ukiwa umenyooka, mikono nyuma, kama mkaguzi wa kazi. Maumivu yalikuwepo, lakini yalikaa mahali pake.

Kwenye jiwe la nane Bosi alitangaza, akakaa kitako, akavua kofia.

"Tumefika," alisema.

"Bado, mama," baba alimwambia. "Kibanda kile pale juu, unakiona?"

"Jengo limeisha. Hakuna ghorofa ya tisa."

Na kweli, jengo lao lina ghorofa nane. Tangu ajue kusimama, vifungo alivyobonyeza viliishia hapo.

"Hospitali ina kumi na mbili," kaka yake alijaribu.

"Hapa siyo hospitali."

Ngurumo ilisikika nyuma ya mlima. Kinyozi alianza kulegeza mikanda ya begi. "Fundi, mvua hiyo. Naacha mzigo hapa, nambeba, halafu naurudia. Umejitahidi, hakuna atakayekucheka."

"Usiguse hiyo mikanda."

"Mvua haina subira!"

"Nami sijamaliza kazi."

Alipiga magoti bila kukunja mgongo, macho yake yakalingana na ya mtoto. "Bosi, ya nane ni mwisho wa abiria. Juu ya ya nane kuna nini?"

Mtoto alimsogelea. Kisha kwa sauti ya chini sana akasema, "Chumba cha mashine."

Alikijua. Ni kile chenye mota ya lifti, chenye mlango wa chuma juu ya paa, wenye picha ya fuvu. Siku zote aliomba kuingia, na siku zote jibu lilikuwa moja.

"Anaingia nani?"

"Mafundi tu."

"Baba Bosi, lete ufunguo."

Kinyozi aliutoa mfukoni. Fundi akauweka kwenye kiganja cha binti yake na kumfumba vidole.

"Umewahi kuona fundi anaingia chumba cha mashine amebebwa?"

Bosi alivaa kofia. Hakunguruma tena, alipanda kimya, ngumi kifuani, kama mtu aliyeitwa kazini. Matone ya kwanza yaliwakuta mlangoni. Mama alishika kufuli, mtoto akazungusha ufunguo.

Ndani mlikuwa na vitanda, benchi na jiko la chuma lenye bomba la moshi. Bosi alilizunguka jiko, akaligonga, akafungua kijimlango chake na kuchungulia.

"Mashine imeharibika," alitoa taarifa.

"Imezimwa tu," mama yake alisema. "Tuiwashe."

Watoto walipolala, Kinyozi alikaa benchini akikanda mabega yake. Alifungua kinywa, akakifunga. Kwa kinyozi, hiyo si kazi ndogo.

"Sema," Fundi alimwambia.

"Nilitaka kusema chai imebaki."

Asubuhi, Jumatatu, Fundi aliamka kabla ya wote, akapanda kwenye mwamba uliokuwa na mtandao, akampigia msimamizi wake. Alimwambia meza ampe mwingine. Yeye apewe msaidizi wa kunyanyua vizito, mengine atayafanya. Akasubiri jibu, akaitikia, "Haya, Jumatano nitakuwa kazini." Kisha akarudi kibandani, akafunga koti hadi kifungo cha chini, na kumwamsha Bosi waanze kushuka.